Kwa Nini Kache Alinichagua Mimi

Watu wa Mwakirunge wakimtaja Kache siku hizi hutema mate kwanza. Mimi ndiye niliyelala rumande kwa ajili yake, kwa hiyo kama ni kutema, ningeanza mimi. Lakini wengi wanaosema hawamjui.

Kache ni mpasua kokoto. Ameketi machimboni tangu mwanawe akibebwa mgongoni, jiwe amelizungushia pete ya mpira wa tairi lisimrukie usoni, nyundo mkononi, jua kichwani. Kidole gumba cha kushoto hakina ukucha. Mumewe alikwenda Miritini kupakua malori, akaoa huko huko. Tulipokwenda kumpa pole, alitucheka.

"Kaondoka na suruali mbili, zote nimezitia viraka mimi. Huyo bibi mpya kila akifua atanikumbuka."

Mimi nilikuwa nikiwauzia wapasua kokoto mahamri na mbaazi hapo machimboni. Mwanawe, Changawa, nilimpa hamri la bure kila asubuhi kwa sababu ya vichekesho vya mamake. Changawa alikua, akaanza kuvuta heroini, na mvutaji huishia kuiba. Alikamatwa na nyaya za watu akawekwa rumande. Wakati huo ndugu yangu Najib alikuwa humo humo kwa kesi ya ugomvi, nami nilikuwa nikienda kumtazama.

Kache alikwenda mara moja tu, akarudi sauti imemkauka.

"Ana arosto," aliniambia. Ndivyo tunavyoita yale maumivu yanayomshika mvutaji akikosa dawa yake. "Anatetemeka kama kifaranga kilichonyeshewa. Anatapika nyongo. Kaniambia, mama, mimi nafia humu. Hebu niambie, mwenzangu, mtu akiambiwa hivyo na mwanawe anarudi vipi kupasua mawe?"



Wiki iliyofuata alinijia na ndara mpya zimefungwa kwa gazeti na kukazwa kwa kamba.

"Dada Mwanasaumu, jiwe limeniangukia mguuni, siwezi safari. Nifikishie amana hii. Mtoto anaingia chooni pekupeku."

Mimi ni wa Mtongwe, Likoni. Mlango wa darasa sikuuona, lakini nyumbani nilifunzwa. Bibi yangu alikaa na kisanduku cha jirani mpaka jirani akafa, akawakabidhi warithi kikiwa na vumbi lake, wala hakujua ndani mna nini. Amana haichunguliwi. Nilizitia ndara kikapuni pamoja na sabuni ya Najib.

Pale langoni askari wa kike alizifungua, akazikunja, zikagoma kukunjika. Akaleta wembe akapasua soli. Zikamwagika kete, vifurushi vidogo vya nailoni, mezani mbele yangu.

"Haya mama, na hii nayo ni dawa ya minyoo?"

Nilimtaja Kache papo hapo. Polisi walimfuata machimboni. Akawanyooshea miguu yake.

"Mimi nimnunulie mtu ndara mpya? Hebu tazameni zangu, za tairi! Huyo mama mimi nanunua mahamri yake tu."

Wakacheka, wakamwacha. Mimi nikashtakiwa kwa kubeba dawa za kulevya na kuziingiza gerezani. Mjomba Mbwana alitoa hati ya shamba lake ndipo nikapewa dhamana. Nikifungwa, ni miaka. Nikikimbia, shamba linalowalisha watu wote wa kwetu limekwenda.

Mahakamani, kiongozi wa mashtaka aliniuliza swali moja kwa namna nyingi.

"Mama, mtu mzima wewe, unapewa kifurushi cha kupeleka jela, usichungulie?"

"Ilikuwa amana."

"Ulikuwa na mkono, ulikuwa na macho."

"Nikichungulia amana ya mtu nina tofauti gani na mwizi?"

Watu wakaangua kicheko. Hakimu aliwanyamazisha, akanieleza polepole kwamba sheria haimtii hatiani aliyebeba asichokijua, lakini mahakama hutazama mambo yote kuona kama kweli hakujua. Nilimwelewa. Nilielewa pia kwamba neno langu lilisimama peke yake.

Nikaenda machimboni. Kache aliponiona hakukimbia.

"Kwa nini mimi, Kache? Wanaokwenda jela ni wengi."

"Ningempa mwingine angefungua kabla hajafika barabarani." Alikuwa anatazama nyundo. "Wewe nilijua hutafungua."

Wallahi, hilo ndilo lililonichoma kuliko rumande. Angeniona mwizi, angeniacha salama.

"Basi nenda ukaseme."

"Nikiingia mimi, Changawa atatazamwa na nani?"

"Na mimi nitazamwe na nani?"

Alichukua jiwe jingine, akalipiga, akalikosa.

Miezi ikapita. Mahamri yangu yalilala siniani. Vijana wa bodaboda walinipigia kelele: "Mama, leo umetia unga gani?" Najib alitoka, kesi yangu ikabaki.

Huko ndani Changawa alianzishiwa methadoni, ile dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Akili ilipomrudia akauliza kwa nini dada wa Najib, yaani mimi, haonekani tena. Akaambiwa yaliyonipata. Kache alipokwenda kumtazama, kijana akakataa kutoka. Akaenda tena, akakataa. Mara ya mwisho Changawa alimtuma askari amwambie: "Nitatoka mama akishasema kweli."

Siku ya kesi yangu, Kache aliingia mahakamani amejifunga leso safi, akasimama kabla hajaitwa. Karani akamwambia aketi. Hakuketi.

"Ndara nilizitia dawa mimi. Huyu hakujua."

Hakimu alimwonya kwamba halazimiki kusema na kwamba maneno yake yatamrudia. Akamshauri atafute wakili kwanza.

"Wakili atanifundisha kusema nini, mheshimiwa? Nimesema."

Mimi niliachiliwa, mjomba akarudishiwa hati yake. Kache alishtakiwa, akakiri, akafungwa miaka mitatu.

Majirani wengine waliniambia nimshukuru, ameniokoa. Kuniokoa! Aliyekutumbukiza kisimani akikutupia kamba unamshukuru? Lakini pia nimezaa, na sijawahi kusikia mwanangu akiniambia anakufa. Sijui ningefanya nini, wala sitaki kujua.

Siku ya hukumu yake, walipokuwa wakimtoa mahakamani, alipita karibu yangu.

"Dada, unanisamehe?"

"Bado."

Akaitikia kwa kichwa, kama mnunuzi aliyetajiwa bei ya haki, akamfuata askari.