Mstari Mrefu Kupita Kiasi

Kompaila ni programu inayosoma tunachoandika sisi watu wa kompyuta na kukigeuza kiwe kazi ya mashine. Ikikuta kosa, inagoma. Ikikuta kitu kisichoipendeza, inatoa onyo la rangi ya manjano na kuendelea na kazi, kama mama mkwe: chai ataimaliza, ila utasikia kwamba majani yalizidi.

Miaka yangu ya kwanza Doha niliishi na maonyo hayo kwa amani. Mabano haya hayana haja. Nafasi hii imezidi. Programu yangu ilipanga mabasi ya wafanyakazi kutoka Industrial Area, na hakuna fundi aliyewahi kuachwa kituoni kwa sababu ya mabano.

Kisha meneja wetu akaenda semina. Alirudi ofisini kwetu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kama mtu aliyeokoka. "Sitaki kuona manjano," alisema. "Kazi safi ni adabu."

Wakati huohuo nilikuwa nimeomba khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini ambayo enzi hizo haikupatikana bila saini ya mwajiri. Jumamosi wakwe walikuwa wanaleta mahari ya dada yangu. Baba alishafariki na mimi ndimi kifungua mimba, kwa hiyo kiti chake kilikuwa changu. Meneja akaiweka karatasi yangu chini ya kikombe chake. Manjano yakiisha, atasaini.

Nikafuta mabano. Programu ya pili ya ukaguzi, aliyorudi nayo kutoka semina, ikalalamika kwamba bila mabano msomaji atachanganyikiwa. Nikayarudisha, kompaila ikanuna. "Ziridhishe zote mbili," meneja aliamua. Wenye wake wawili wananielewa.

Alhamisi mchana lilibaki onyo moja tu, la ile programu ya semina, likijirudia katika kila faili. Mkenya mwenzangu wa meza ya pili aliinama kulisoma, akaziba mdomo.

"Buda, hiyo kitu imekataa jina ya mdosi."

Ilikuwa kweli. Kwa amri ya meneja, kila faili ilianza na jina lake kamili, cheo chake na digrii zake zote, katika mstari mmoja usiokatwa. Onyo lilisema: mstari mrefu kupita kiasi, unamsumbua msomaji.

Nikamwita. Alisoma, uso ukamwiva.

"Hii programu haina adabu," alisema. "Izime."

Nikaizima. Manjano yakatoweka, naye akasaini papo hapo, kwa jina lilelile refu. Lakini mandubu, mpeleka karatasi za kampuni kwenye ofisi za serikali, alikuwa ameshakwenda kwake Al Wakrah kwa mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi. Karatasi yangu ikalala mezani hadi Jumapili.

Nilipofika nyumbani, wakwe walishakuja na kuondoka. Dada aliniuliza kilichonichelewesha.

"Jina la mtu," nikamwambia. "Halikuenea kwenye mstari."

Nilidhani atacheka.

"Lako waliliita mara tatu," alisema. "Hakukuwa na wa kuitika."