Nyumba ya Siku Tisa

"Shangazi, nyumba iliyosubiri siku tisa ni ipi?"

Nilikuwa na miaka tisa nilipouliza hivyo. Shule zilikuwa zimefungwa na mama hakuwa na pa kuniacha, kwa hiyo nilishinda ofisini kwa shangazi, nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Shangazi ni dada yake baba. Alikuwa karani wa magari ya majitaka ya halmashauri, yale yanayonyonya vyoo vilivyojaa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mtu anakuja dirishani, anasema choo kimejaa. Shangazi anaandika kikaratasi: jina la mwenye nyumba, mtaa, tarehe ya kuomba. Gari likishanyonya, dereva anarudisha kikaratasi kutoka mfukoni mwake, kimelowa na kukauka, sitaki hata kukumbuka kimelowa nini, naye shangazi anaandika pembeni idadi ya siku walizosubiri. Mwisho wa mwezi anajumlisha siku zote, anagawa kwa idadi ya nyumba, anatoka na chaki. Ubaoni, nje ya mlango, anaandika: WASTANI WA KUSUBIRI: SIKU 9. Alikuwa na mwandiko wa kupendeza sana. Herufi zilisimama kama wanafunzi mstarini.

Mimi nilitaka kuiona hiyo nyumba ya siku tisa. Nikavishika vikaratasi kwa ncha za vidole, nikavipekua vyote ishirini na kimoja. Moja, moja, mbili, mbili, tatu, nne. Halafu ghafla ishirini na nne. Thelathini na moja. Thelathini na nane.

"Tisa haipo hapa, Shangazi. Hata nane haipo. Hata kumi."

Aliniangalia kana kwamba nimemwekea chura mezani.

"Hebu nenda kacheze nje."

Nje kulikuwa na gari lenyewe. Nilirudi ndani baada ya muda mfupi, pua nimeizika kwenye kola.

Niseme ukweli, ile sehemu ilikuwa inanitia kinyaa kuanzia getini. Mpira wa kunyonyea ulilala uani umejikunja kama utumbo, unadondosha tone moja moja, na kila tone lina nzi wake wa kijani. Dereva, ambaye kila mtu alimwita Mkonga, alitundika glavu zake kwenye kitasa cha mlango, kwa hiyo kufungua mlango ilikuwa mtihani. Shangazi alikula chakula chake cha mchana hapo hapo, mita tatu kutoka kwenye gari, anatafuna taratibu bila wasiwasi. Akija kwetu, mama alikuwa anafungua madirisha mapema, na shangazi anacheka: "Fungua na paa kabisa, wifi."

Harufu iliyokuwa inamshinda ilikuwa moja tu: ya mkuu wake. Mkuu alijipulizia manukato kila saa, na chumba kikawa kinanuka choo kilichovaa tai. Walimwita Marashi, ila si mbele yake. Marashi alikuwa na barua ya kamati ya halmashauri aliyoibandika ukutani: muda wa kusubiri usizidi siku kumi. Kila mwezi akisoma ubao alipiga makofi mara mbili. "Tisa. Tuko chini ya kumi. Na mwandiko huo, karani wangu! Wageni wakija naona fahari."

Siku mbili baada ya swali langu, alikuja mwanamke mmoja dirishani. Alikuwa fundi cherehani wa bondeni, ule mtaa wa chini ambako vichochoro ni vyembamba. Hakuja kuomba gari. Choo chake kilikuwa kimenyonywa wiki iliyopita, baada ya siku thelathini na nane.

"Dada karani," alisema, "nimekuja nikuone tu sura. Wewe ndiye unayeandika ule ubao?"

"Ndiyo, mimi."

"Mimi niliusoma nikauamini. Siku tisa. Nikahesabu. Siku ya tisa nikachukua nyundo, nikavunja saruji ya mfuniko wa shimo ili mkija msichelewe. Hamkuja. Mfuniko ukivunjwa haurudi. Nikafunika bati. Siku ya kumi na tano bati likaanza kuelea."

Shangazi aliweka kalamu chini.

"Njoo uone," fundi akasema. "Si mbali. Mpira wenu tu ndio unaona mbali."

Tulienda. Shangazi alinishika mkono, na safari hii hakuniambia nikacheze. Shimo lilikuwa limenyonywa, lakini ua hauna wa kuunyonya. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unabonyea. Vilipangwa vipande vya mbao vya kukanyagia, na ukikanyaga kimoja, kitu kinabubujika pembeni. Kwenye kanyagio la cherehani walitambaa funza weupe wenye mikia, wanapanda, wanaanguka, wanapanda tena. Ndani, mtoto wa fundi wa mwaka mmoja alilala kwenye kanga, macho makubwa, miguu kama vijiti vya kiberiti. Alikuwa ameharisha wiki mbili. Sasa alikuwa anapona, mama yake alisema, maana jana alililia uji.

"Na mvua zikianza?" fundi aliuliza. "Majirani wanne wameshaomba tena. Shimo langu nalo limeanza kupanda. Mtoto huyu ataogelea humu?"

Mimi nilitapika karibu na mlango. Shangazi hakutapika. Alikuwa anamwangalia yule mtoto.

Njiani tulikutana na Mkonga, na shangazi akamuuliza kwa nini watu wa bondeni wanacheleweshwa hivyo.

"Kwani hujui, dada? Gari haliingii kichochoroni, na mpira wetu unaishia kwenye kona. Kila mwezi mara moja tunaazima vipande vitatu kutoka mji wa jirani, na safari hii walichelewa kutupa, ndiyo tunawanyonya wote siku hiyo. Nimemwambia Marashi aombe vipande vyetu mwaka wa pili huu. Anasema anayeomba mipira anakiri ana tatizo, na ubao unasema hatuna."

Mkonga alitufuata mpaka ofisini, na jambo la kwanza shangazi aliifuta ile tisa kwa kiganja. Kisha akachukua kamba ya kuanikia nguo, akavibana vikaratasi vyote kwa vibanio, kuanzia waliosubiri siku chache mpaka waliosubiri nyingi, akiacha nafasi sawa kati ya kikaratasi na kikaratasi. Halafu akafanya kitu ambacho nilikiona cha kichawi: akaikunja kamba katikati. Mkunjo ukaangukia kikaratasi cha kumi na moja. Siku tatu. Akaikunja tena, ikawa robo. Mikunjo mipya ikaangukia siku mbili upande mmoja, siku nne upande wa pili.

"Umeona?" alimwambia Mkonga, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nimetoa macho. "Wa katikati alisubiri siku tatu. Nusu nzima ya nyumba, zile za katikati, ziko kati ya mbili na nne. Namba zikikaa pamoja, huku zimepungua kidogo, kule zimezidi kidogo, wastani unatosha, unakuonyesha walipo. Hizi zimerundikana huku mwanzoni, halafu zina mkia. Hawa watano. Mkia umeuvuta wastani mpaka mahali ambapo hakai mtu."

Mkonga aliokota ripoti ya Marashi mezani. Marashi alipenda ripoti ionekane ya kisomi, kwa hiyo chini ya wastani alikuwa ameongeza kwamba kwa kawaida namba zinaachana na wastani kwa siku kumi na mbili, huku na huku.

"Ngoja," Mkonga alisema. "Tisa, huku na huku kumi na mbili. Tisa toa kumi na mbili... Dada! Kuna nyumba tuliinyonya siku tatu kabla hawajaomba! Hao hata chooni hawajaenda!"

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Shangazi alicheka naye, halafu akaacha ghafla, kwa sababu harufu ya manukato ilikuwa imeingia mlangoni.

Marashi aliitazama kamba. Akaona mkunjo. "Hii tatu ni nini?"

"Ni namba ya katikati, mkuu. Kwa namba za sura hii ndiyo inayofaa kuliko wastani. Lakini haiendi peke yake, lazima na..."

"Tatu?" Uso wake uling'aa kama sahani iliyooshwa. "Katikati yetu ni tatu, na umekaa nayo siku zote hizo? Lete chaki!"

Safari hii aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake uliolewa: KWA KAWAIDA SIKU 3 TU. Alisema kamati inakuja Ijumaa kukagua, na Mungu amjalie karani wake maisha marefu.

Siku ile shangazi hakula. Alifungua kopo la chakula, akaangalia, akafunga. Nzi wa miaka yote hawakuwahi kumfanya hivyo. "Tisa ilikuwa uongo kwa kila mtu," alisema. "Hii tatu ni kweli, na kwa ukweli huo huo anawazika watu watano. Phuu!" Akatema mate chini, yeye aliyekuwa ananikataza kutema mate.

Ya Ijumaa sikuyaona, nilisimuliwa na Mkonga, ambaye ameyasimulia mara nyingi na hayajawahi kubadilika. Wanakamati watano walikaa kwenye meza ndefu. Marashi alisoma tatu yake. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa tayari anafunga faili, ndipo shangazi aliposimama bila kuitwa na kuanza kupanga vikaratasi juu ya meza. Kila siku moja, upana wa kiganja kimoja. Kwenye moja, viwili. Kwenye mbili, vitano. Tatu, sita. Nne, vitatu. Kikawa kichuguu upande wa Marashi. Kisha akatembea. Viganja kumi na tisa vya meza tupu. Kisha kimoja kimoja, mpaka mbele ya mwenyekiti: ishirini na nne, ishirini na sita, ishirini na nane, thelathini na moja, thelathini na nane.

Mwenyekiti aliziba pua. "Karatasi hizi zinanuka nini?"

"Zimetoka kazini, mheshimiwa. Hicho cha mwisho kimetoka kwenye ua wenye mtoto."

"Na hapa katikati mbona hakuna kitu?"

"Hapo ndipo tulipokuwa tunawaambia watu wasubiri."

Mkonga anasema Marashi alitoa chupa ya manukato akajipulizia, na hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akauliza sasa iandikwe nini. Shangazi akamjibu: iandikwe katikati ni tatu, iandikwe nusu ya nyumba ziko kati ya mbili na nne, na hawa watano wasichanganywe na mtu, kila mmoja aandikwe na siku zake, na mbele yake iandikwe sababu. "Sababu ni moja," alisema. "Vipande vitatu vya mpira."

Vilipitishwa siku hiyo hiyo. Vilifika wiki moja kabla ya mvua, na Mkonga alishinda bondeni siku mbili mfululizo akinyonya kila shimo lililoomba. Mvua ilipokuja, ua wa fundi ulikuwa na matope ya kawaida tu, matope ya udongo.

Mtu atadhani Marashi aliona aibu. Aliiambia kamati kwamba mtindo wa kupanga vikaratasi ulibuniwa ofisini kwake, chini ya uongozi wake. Mwaka uliofuata akapandishwa cheo. Mpaka leo nikisikia manukato ya aina ile dukani natoka nje.

Shangazi amestaafu sasa. Mimi nina miaka kumi na sita. Mwezi uliopita mwalimu wetu wa hesabu alituandikia namba ubaoni, akatuambia tuzichore kwanza tuone umbo lake, ndipo tuchague: wastani au namba ya katikati, na mtawanyiko wake tuupimeje. Darasa zima lilikuwa tayari linajumlisha. Mimi nilikata vikaratasi. Mwalimu aliuliza nani amenifundisha, na nikatoka shule nakimbia kwenda kumwambia.

Nilimkuta jikoni anamenya viazi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisu hakikusimama. Nilitegemea atafurahi. Akasema, "Kuna swali uliniuliza, nikakutuma ukacheze."

"Nyumba ya siku tisa."

"Haikuwepo." Alitumbukiza kiazi kwenye maji. "Na nilijua kabla hujauliza. Miaka minne vikaratasi vyote vilipita kwenye vidole hivi, kimoja kimoja, nikiwaona wale wa bondeni mwishoni kila mwezi. Yule fundi alishika nyundo kwa sababu yangu, si ya Marashi. Marashi hakuwahi kushika hata kimoja, atajua nini? Lakini tisa ilikuwa chini ya kumi, mwanangu, na mimi nilikuwa nasifiwa mwandiko."