Siku Nilipomchora Bi Harusi Mirihi

Nyie chekeni, lakini mimi hasira ninazo mpaka leo, na aibu niliyoipata siku ile mtaa wa Malindi simtakii hata adui yangu.

Kazi yangu ya hina mnaijua. Rahma, bi harusi mtarajiwa, alikuja mwenyewe, kachoka na maua, kila harusi maua, anataka kitu ambacho hakijavaliwa na bi harusi yeyote hapa Unguja, akanionyesha kwenye simu picha za sayari ya Mirihi zilizopigwa na chombo kinachoizunguka huko juu, safi mpaka unaona matuta ya mchanga yalivyojipanga, na mashimo ya duara yaliyochimbwa na vimondo, moja ndani ya jingine. Wallahi yalipendeza. Mwenye akili zake angekataa, mimi nikamwambia leta mkono. Matuta yakatoka vizuri, nikanogewa (hapo ndipo nilipojiponza), nikamjaza mashimo viganjani, mikononi, mpaka miguuni.

Kesho yake alasiri, ndoa imebaki siku moja, wakaja wanawake wa upande wa bwana harusi kutazama hina. Shangazi yao, Bi Zuhura, akafunua kanga, akaona miduara ile imekolea nyekundu, akanong'ona kwa sauti iliyofika uchochoroni: "Mtoto ana choa huyu."

Waliokuwa karibu wakajivuta nyuma, mmoja akajifuta mkono kwenye buibui, mwengine kashika simu, anataka ndoa isubiri kwanza. Nikainuka mbio.

"Shikamoo Bi Zuhura. Si choa, ni Mirihi."

"Marahaba. Mirihi ndo maradhi gani?"

Badala ya kunyamaza nikampa simu aione picha yenyewe, ardhi nyekundu, miduara imevutwa karibu kabisa. Akaitazama, akatikisa kichwa. "Kumbe kaanza zamani, mpaka mmempiga picha."

Nikamgeukia Rahma aseme. Akainamisha uso. "Mie nlitaka maua tu. Da Salma kachora anavyotaka mwenyewe."

Mama yake alinitoa nje mbele ya mtaa mzima. Ndoa ilifungwa, bi harusi kavaa glavu, na wateja wangu wa Malindi wote wakahamia kwengine. Haya, juzi kaja msichana na picha ya mikono ile ile, Rahma kaitia mtandaoni, kaandika kabuni mwenyewe, na watu wanamsifu. 

Msichana yule nilimchora maua. Anayetaka kisichokuwa maua, aje na mama mkwe wake.