Leo Nimemuita Mamangu Jirani

Leo nimemkana mamangu mbele ya darasa zima, na hakuna mtu alinilazimisha.

Iko hivi. Chuoni, kwa somo letu la kusikiliza Kiingereza, kila mmoja wetu aliambiwa ajirekodi akiongea kuhusu mtu ambaye angependa kufuata nyayo zake kikazi. Darasa linasikiliza, halafu linajibu maswali.

Mimi nilichagua rubani. Sijui rubani yeyote. Niliona tu itasikika kubwa.

Nilirekodi jana hapa mtaani kwetu, Free Area, nyuma ya kibanda cha mamangu cha chapati.

Leo lekchara akaiweka rekodi yangu kwa spika. Niko huko mawinguni na rubani wangu, mara sauti ya mama ikaingia, ya chini lakini wazi kabisa, akimwambia mteja:

"Boss, punguza sauti kidogo. Mtoto wangu anafanya kazi ya chuo."

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, hata.

Lekchara akatabasamu, akauliza, "Na huyo ni nani?"

Nikasema ni jirani.

Jirani, jameni.

Akasema, "Basi una jirani anayekupenda sana." Nikaitikia kwa kichwa, nikaangalia viatu.

Sasa niko nyumbani. Mama ameniwekea chapati moto, akauliza kama yule mteja aliniharibia rekodi. Nimesema ilitoka sawa.

Akasema siku nyingine nikirekodi, atafunga kibanda kwanza.

Niambieni, hii chapati naimeza aje?