Mchuzi wa Papa

Mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na moja, baba alikufa na shule yangu ikaishia la tatu. Mama akanipa kisu, akanifundisha kupasua papa, kumtia chumvi na kumwanika. Kwa papa huyo nimekula, nimejenga, nimeozesha binti. Simshukuru mtu.

Kwetu Wadigo mwenye mimba anapikiwa papa wa nazi, na akishazaa anapewa mchuzi wake ili maziwa yashuke. Binti yangu nilimpikia mwenyewe, kama nilivyopikiwa mimi. Mtoto wake akazaliwa mzuri, lakini shingo haikukaza. Wenzake wakikimbia, yeye hajakaa. Mpaka leo anatembea kwa kushikwa mkono, na hasemi. Majirani wakasema jini.

Daktari akasema huenda ni zebaki. Papa anakula samaki wadogo, sumu yao yote inabaki mwilini mwake. Kipimo cha kuhakikisha, hapa hakuna.

Zebaki ndiyo wanayokamatia dhahabu wachimbaji huko milimani, juu ya Muheza. Inaingia mtoni, mto unaileta baharini kwetu.

Akaja kijana mtaalamu pale sokoni kutuelimisha.

"Shikamoo bibi. Tunashauri wajawazito waache papa."

"Marahaba. Na wa milimani mmewashauri waache nini?"

"Hilo si la idara yangu, bibi."

"Idara yako ni sufuria langu."

Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Anayemwaga sumu anavaa saa ya dhahabu, anayeila ndiye anayeelimishwa.

Binti akashika mimba ya pili. Sikupika papa tena, wala sikuuza. Alipojifungua, kivyere wangu, mama wa mumewe, akaja na kikapu.

"Umekuwa Mzungu? Mwanao atanyonyesha maji?"

"Anakunywa uji wa pilipili manga. Rudi na papa wako."

"Papa huyu nilimnunua kwako, kabla hujaacha kuuza."

"Ndiyo maana namjua."

Akaondoka na kikapu chake, na mpaka leo hanisalimii. Asisalimie. Kila asubuhi namwinua yule mchanga, naitazama shingo.

Nilicho nacho leo: nyumba ya bati hapa Mabawa, minazi michache, meza ya dagaa sokoni, kisu cha mama, vichanja vya kuanikia papa visivyo na kitu, mjukuu wa kushikwa mkono, na mwingine ambaye bado sijui.