Chai Yetu Ilipochanua

Sisi tuliosoma shule za msingi huku kwenye mashamba ya chai, miguu mitupu na sweta zikinuka moshi wa jikoni, hatujasahau insha za Kiingereza za kila Ijumaa. Kwetu karibu na Mogogosiek mvua ilianza saa nane, na mabati yakapiga kelele hadi Mwalimu Langat akaacha kusema, akawa anaandika tu ubaoni. Siku moja, tukiwa darasa la sita, aliandika neno "grow", akalikata kwa mistari miwili, akatutangazia kwamba limekufa. Katika insha zetu kila kitu kilikuwa "growing": mahindi, ndama, watoto, hata mji wa Kericho. Alisema amechoka. Kila mmoja atafute neno lingine la kukua ama kuchanua.

Kamusi ilikuwa moja shule nzima, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa gunia. Tuliacha kuruka kamba tukaigombania. Tukapata "flourish", tukapata "thrive" na "bloom", na lile lililotupendeza kuliko yote, "blossom". Sisi tulitamka "plossom", na mwalimu mwenyewe vilevile. Nililirudia njia nzima kwenda nyumbani, kama mtu anayemumunya peremende asitake iishe.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mama alikuwa amelala wiki nyingi, mguu umevimba hawezi kuukanyagia. Baba alikuwa dereva wa lori, tukimwona mara moja moja. Mimi na mdogo wangu tulikamua ng'ombe, tukasonga ugali wetu mbichi mbichi, na chai shambani haikuguswa na mtu. Mama hakupenda kuhurumiwa. Kila asubuhi alituambia, "Mkiulizwa, semeni tuko sawa."

Ijumaa hiyo insha ilihusu nyumbani kwetu. Niliandika kwa moyo wote kwamba shamba letu limejaa maua meupe yenye kitovu cha njano, na nyuki hawatoki. "Our tea is blossoming," nikaandika, chai yetu inachanua, kisha nikaongeza "blooming" na "flourishing" ili mwalimu asininyime alama. Aliisoma mbele ya darasa, na darasa likacheka. Pale hapakuwa na mtoto asiyejua kwamba chai ikitoa maua hivyo imeachwa, kwa maana anayeitunza huchuma majani mawili na kichipukizi, na ua halipati nafasi. Hata mimi nilijua. Nilikuwa tu nimelipenda neno, nikadhani kwa Kiingereza halina ubaya.

Mwalimu hakucheka. Jioni alinibakisha, akaniuliza polepole, "Cherono, nani anachuma chai kwenu?"

Nikasema tuko sawa. Akauliza tena. Nikaanza kulia, na yote yakatoka.

Sikumwambia mama. Usiku huo nililala nikijua nimemwaibisha. Jumamosi, umande haujakauka, nikasikia watu shambani. Walikuwa Mwalimu Langat na mke wake, vikapu mgongoni, na majirani sita ama saba, wakikata yale matawi yaliyopita kiasi. Walianza kazi kwanza, salamu zikaja baadaye. Mama Wambui, mwenye duka, ambaye watu wake walihamia huku kutoka Nyeri, aliingia na chupa ya uji, akafunua blanketi, akautazama ule mguu, akasema huyu anaenda hospitali leo.

Kabla hawajambeba kwenye kiti hadi barabarani, mama aliniita. Akataka kujua niliandika nini hasa. Nikamwambia lile neno. Akaniambia nilirudie, nikalirudia.

"Ni neno zuri," akasema. "Lakini siku nyingine, ukilemewa, anza kuniambia mimi."

Alirudi baada ya wiki mbili, akichechemea, na akachuma chai miaka mingi baadaye. Insha nayo nilirudishiwa, mwalimu amesahihisha tahajia tu.

Leo kijana wangu wa sekondari anaiuliza simu neno moja, inampa ishirini kabla sijavaa miwani. Nikimweleza habari ya kamusi moja shule nzima, ananiangalia kwa huruma, kana kwamba tulivuka jangwa, kisha anauliza kama kweli tulikuwa tunapanga foleni ya maneno. Simgombezi. Kiingereza chake kimenishinda, na "blossom" anaianza na b safi kabisa. Lakini mwezi uliopita jirani yangu hapa kwenye ploti, hizi nyumba za kupanga, alilazwa hospitali wiki tatu. Nilijua siku ile mtu alipoandika kwenye group ya ploti kwenye simu, nikaweka picha ya mikono inayoomba kama wengine wote, nikaendelea kupika. Mlango wake na wangu inatazamana.