Goti Langu Kutoka Free Area Hadi Juu ya Mai Mahiu

Mimi si mtu wa safari. Hapa Free Area, mtaa wetu wa Nakuru, najulikana kama mama wa mapazia: ukitaka pazia utanipata kwa kibanda, ukinitaka mimi utanipata kwa nyumba iliyo nyuma ya kibanda, na maisha yangu yote yanatosha kati ya hiyo milango miwili. Kitu pekee kilichokuwa kinanitoa ni karate, kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa letu. Nilianza kwa kumsindikiza binti yangu Lydia. Lydia aliacha kabla hata sare yake haijafuliwa mara ya pili. Mimi nikabaki, nikapanda mikanda pole pole kama mtu anayepanda ngazi na ndoo, hadi nikafika wa kahawia. Uliobaki ni mweusi, na huo niliutaka kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Goti langu la kulia nalo likawa na mipango yake.

Daktari wa Nakuru mjini aliinua eksrei kwenye mwanga, akaiangalia, akaniangalia, akaiangalia tena.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nashona mapazia."

"Na hili goti limekuwa likifanya nini?"

Nikamweleza habari ya karate. Baba Lydia, mume wangu, alikuwa amekaa kando na kofia yake magotini. Akasema, "Daktari, huyu hupigana na hewa. Sasa hewa imeshinda."

Ikaonekana mfupa unasugua mfupa, na dawa yake ni kuondoa goti hilo na kuweka la chuma na plastiki. Kazi hiyo hufanywa kwenye hospitali moja ya misheni, huko juu ya ukuta wa bonde, ukishapita Mai Mahiu. Nilikuwa na swali moja tu: nikishawekewa, nitafanya mtihani wa mkanda mweusi? Daktari akasema kwanza tuone kama litakunjika. Nilidhani anatania.

Asubuhi ya kuondoka, Probox ilisimama mlangoni ikiwa imejaa mayai. Ilikuwa ya Sensei, mwalimu wetu wa karate, ambaye siku za kazi husambaza mayai kuanzia Nakuru mpaka Mai Mahiu. Alikuwa amesema hatakubali mwanafunzi wake aende kupasuliwa kwa gari la watu wasiojulikana. Majirani walikuwa wamekuja jana yake kuniombea. Maombi yalikuwa marefu, chai ikapoa, na goti lilitajwa mara nyingi kwamba ni la kulia, ili kule juu kusiwe na makosa.

"Mama Lydia, kaa mbele, goti lipate nafasi," Sensei akasema. "Baba Lydia atakaa na mayai."

Baba Lydia akasafiri na trei mapajani, ameishika vizuri kuliko alivyowahi kumshika mtoto wake yeyote.

Kariandusi tulisimama ili Sensei ashushe trei kwenye kioski. Pale kuna machimbo ya ile ardhi nyeupe kama unga, na siku hiyo upepo ulikuwa umeigawa kwa kila mtu bila ubaguzi: paa, majani, mbwa, vijana waliokuwa wanapakia lori. Baba Lydia akachungulia dirishani.

"Hawa wote wamevaa kama nyinyi siku ya Jumamosi," akasema.

Sensei hakucheka. Sensei huwa hacheki mambo ya sare. Aliporudi kwenye usukani alinigeukia na uso ule wa siku ya mtihani. "Mama Lydia, huko unaenda na jina la klabu. Usituaibishe."

"Osu," nikajibu.

Hapo lazima nieleze. Osu ni neno la Kijapani, na kwa klabu yetu linamaanisha ndiyo, asante, habari, nimeelewa na samahani. Kitu pekee lisichomaanisha ni kwamba umeumia. Ukipigwa teke la mbavu unasema osu na unaendelea. Ukidondoka, osu. Nimeona mtu akisema osu akiwa na kidole cha mguu kinachoangalia upande wa pili. Tunajivunia hiyo tabia sana, tunawacheka watu wa mpira wanaojigaragaza kwa nyasi.

Mai Mahiu tulikula chapati na maharagwe ya madondo, malori yakiwa yamepangwa nje kama ng'ombe kwenye josho. Nilipokuwa nachechemea kurudi kwa gari, dereva mmoja wa lori akaniita, "Mathe, pole, umegongwa?"

"Hapana, boss. Nimejigonga mwenyewe."

"Kwa miaka," Baba Lydia akamalizia.

Kutoka hapo ni kupanda. Probox ilipanda ikilalamika kwa niaba yetu sote. Upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine bonde lote limelala chini, mlima Longonot na mashamba na barabara tuliyotoka, nyembamba kama uzi uliodondoka sakafuni. Niliwaza kwamba kumbe watu husafiri kwa ajili ya hivi. Baba Lydia hakuona kitu, alikuwa amefumba macho kwa sababu ya malori.

Hospitalini, kitu cha kwanza ni baridi. Cha pili ni Mama Njoki, mkulima wa viazi kutoka Kinangop, aliyekuwa kitanda cha karibu na changu akingojea nyonga mpya. Alitaka kujua nilivyoharibu goti. Nilipomwambia, akauliza, "Na hukuwa na shamba?" Kuanzia hapo nikaitwa Mama Karate na wodi nzima, mpaka na mama aliyeleta uji.

Tulipasuliwa siku moja, yeye mbele, mimi nyuma. Unadungwa sindano ya mgongo, miguu inaondoka, masikio yanabaki. Nilisikia nyundo na msumeno kama niko kwa fundi wa mageti, na nikawa nawaza, maskini, goti la nani hilo. Halafu ganzi ikaisha nikapata jibu.

Wodini, nesi alipita na kuuliza kila mgonjwa swali moja: maumivu ni ngapi kwa kumi? Kutokana na jibu lako anajua akupe dawa gani kabla ya mazoezi. Mama Njoki alisema kumi na moja.

"Cucu," nesi akamwita kama nyanya yake, "kumi ndiyo mwisho."

"Basi andika kumi, halafu uongeze kidogo kando."

Akapewa dawa ya nguvu. Nesi akanigeukia. Goti lilikuwa kama mtu ameliweka kwa jiko na kulisahau. Nikakumbuka jina la klabu.

"Mbili," nikasema.

Nesi akanipa vidonge ambavyo hata nyumbani tunavyo kwa kabati la sukari, akanisifu, akaenda. Sifa ziliniingia. Nilimtazama Mama Njoki kwa huruma ya mtu mwenye mkanda.

Sasa akaja Chebet, binti wa mazoezi ya viungo, mpole wa sauti na mgumu wa mikono. Kazi yake ni kukunja goti jipya kabla halijazoea kunyooka, mpaka lipige kona kama ya meza. Mama Njoki alishuka kitandani akipiga kelele zilizosikika mpaka jikoni, akashika kile kifaa cha kutembelea, akatembea hadi dirishani, akarudi. Mimi nilinyamaza kabisa. Goti langu lilipinda kama panga la zamani, likasimama hapo hapo.

Kesho yake, mbili. Likasimama. Siku iliyofuata, mbili. Mama Njoki sasa alikuwa anaenda kujisaidia peke yake akiimba pambio. Chebet aliweka kile kipimo chake cha plastiki kando ya goti, akakiangalia kwa muda, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, nikuambie ukweli. Likikaa hivi, kovu la ndani litalishika. Itabidi ulazwe tena usingizi likunjwe kwa nguvu, na hata hivyo si lazima likubali. Utakuwa na mguu kama fimbo. Kukaa kwa gari shida, ngazi shida."

"Na karate?"

"Mama, mimi naongea habari ya choo."

Alipoondoka nilijifunika shuka mpaka kidevuni. Nilikuwa nimepanga moyoni kwamba kesho nitang'ata taulo na kujitahidi zaidi. Ndiyo dawa pekee niliyofundishwa.

"Mama Karate," Mama Njoki akaita kutoka upande wake. "Hiyo maumivu unaifichia nani? Kwani utaipeleka soko?"

"Ni mbili tu, mathe."

"Uso ni mbili. Shuka umeikunja mpaka imekuwa kamba."

Siku iliyofuata Sensei alipitia, akitoka kushusha mayai Mai Mahiu. Alikuwa amenibebea mengine ya kuchemsha kwenye kofia ya Baba Lydia, ambaye alikuja nayo nyuma, kichwa wazi. Sensei alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akanisalimia kwa kuinamisha kichwa. Na nesi naye akachagua saa hiyo.

"Mama Lydia, ngapi leo?"

Nimewahi kupigana mbele ya watu. Nimewahi kupigana mashindanoni na afisa wa magereza. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Mama Njoki aliacha kumenya yai. Sensei ananiangalia, jina la klabu liko juu ya kile kitanda pamoja nami, na chini ya shuka kuna mguu unaotaka kuwa fimbo.

"Nane," nikasema. "Na zile mbili za siku zingine zilikuwa nane. Hata tisa."

Nesi aliandika bila kuinua kichwa, nadhani ameona wengi. Baba Lydia alikaa chini taratibu. Sensei alitazama dirisha, akatazama mayai, akakohoa.

"Nesi," akasema, sauti imeshuka. "Kwa hizo kumi zenu, kama bega, la kushoto, kama mtu hawezi kulilalia tangu mvua za mwaka jana. Hiyo mnaweka ngapi?"

"Nani, mgonjwa huyu?"

"Hapana. Ni rafiki yangu."

"Mwambie rafiki yako avue koti tuone," Mama Njoki akasema.

Nilipewa dawa iliyostahili. Chebet alipokuja, niliumia, na niliposema nimeumia alingoja kidogo, akaendelea, akangoja tena. Nilipiga kelele kiasi kwamba kitanda cha tatu walianza kuniombea. Goti likapita panga, likasogea, siku baada ya siku, mpaka likapiga kona ya meza na kuivuka. Hakuna aliyenipigia makofi ila Mama Njoki, na yeye alisema ni kwa sababu sasa atalala.

Siku ya kutoka, daktari wa mifupa alinipa ruhusa na sheria. Kutembea, ndiyo. Ngazi, ndiyo. Mikono ya karate, taratibu, ndiyo. Kupiga magoti sakafuni, kuruka, teke la kuruka, hapana, si mwaka huu wala mwingine. Na mtihani wa mkanda mweusi wa klabu yetu huanza kwa magoti na kuisha kwa teke la kuruka. Nilimshukuru. Kuteremka kwenda Mai Mahiu niliketi mbele goti limekunjwa kama la mtu yeyote, na sikuangalia bonde.

Nyumbani nimejifunza mambo ambayo mtu mwingine angejifunza bila kutoka Free Area: kwamba kiti cha plastiki kina heshima yake, na kwamba Baba Lydia anaweza kupima dirisha la mteja, lakini pazia litakuwa fupi. Na nimejifunza kwamba ukiulizwa swali na mtu anayeweza kukusaidia, jibu.

Jumamosi iliyopita nilirudi ukumbini kwa magongo. Wenzangu walipiga magoti kusalimu, mimi nikainama nikiwa nimesimama. Walipomaliza na kwenda, Sensei, bega limefungwa kwa kitambaa, alinijia kwenye kiti nilichokalia na kuniuliza daktari alisema nini kuhusu mtihani. Nilimwambia. Halafu nikamwambia nimejisikia vibaya sana, kwamba huo mkanda niliutaka, na kwamba nimelia kwa ajili yake kule nyuma ya kibanda, kati ya mapazia ya watu.

Hakusema nijikaze. Alivuta kiti cha pili akakaa, tukabaki hapo mpaka watu wa kwaya walipokuja kudai ukumbi wao.